Kanisa Lililomfuata Mchungaji

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, Mchungaji Profesa Ambokile, Makamu Mkuu wa chuo kikuu kimoja pale Iyunga, Mbeya, alikuta kanisa limesimama kwenye nafasi yake ya kuegesha gari. Alilitambua papo hapo: matofali ya kuchoma, bati kumi na nane, mlango wa buluu alioupaka rangi mwenyewe. Lilikuwa kanisa lake la kwanza, la Wamethodisti wa kijiji kimoja nyuma ya mashamba ya mpunga ya Rujewa. Akaegesha kando.

"Limefika alfajiri," alisema Anord, mlinzi. "Nimeliandika kwenye kitabu cha wageni."

Lilikuwa limezunguka sana. Lilianza kumtafuta Iringa, maana huko ndiko mchungaji alikoaga kuwa anakwenda kusoma kwa miezi mitatu, miaka kumi na tisa iliyopita. Iringa wakaliambia alishahamia Mbeya, likageuza. Pale Igawa wauza vitunguu waliliinulia mabeseni hadi madirishani, likapita bila kununua.

Kwa Wamethodisti mchungaji haendi apendako, hupangwa na sinodi. Kila mwaka sinodi ilimwomba Ambokile abaki chuoni kidogo, naye, tuseme kweli, hakuwahi kubisha. Kijiji hakikupangiwa mtu mwingine kwa kuwa kwenye orodha kilikuwa na mchungaji: yeye.

Saa nne akapiga simu Mama Tupokigwe, mzee wa kanisa kule kijijini.

"Bwana asifiwe, baba. Limefika salama?"

"Amina, mama. Limefika."

"Tumelituma likuchukue. Watoto wa kubatizwa wengine wameshaota ndevu."

"Nitakuja, mama."

"Haya, baba. Tupo."

Moyo ulimuuma, na alichosema alikimaanisha. Jioni akafungua ule mlango wa buluu, akaketi. Ndani mlinukia pumba za mpunga. Alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu avae joho la uprofesa. Wanafunzi wawili wakachungulia, wakaingia, na kufikia Jumatano alikuwa anahubiri humo, watu wamejaa hadi nje. Baraza la Chuo lilimpongeza kwa kupata kanisa bila kujenga, likalipatia namba ya jengo.

Barua ya mstari mmoja tu kwa sinodi ungetosha kijiji kipangiwe mchungaji mwingine. Lakini hapo kanisa nalo lingekuwa la huyo mwingine, na lingerudi kijijini kumfuata. Barua hiyo akaisogeza hadi wiki inayofuata, kisha hadi mwezi unaofuata. Uso wake ulinawiri, hata mkewe alisema.

Kule Rujewa ibada haijasimama. Kila Jumapili watu huingia kupitia pale mlango ulipokuwa, wanaume wakivua kofia, na kuketi chini kwenye jua, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Kiti cha mchungaji hakikusafiri. Baada ya wimbo wa tatu Mama Tupokigwe hukifuta vumbi, kisha wote hunyamaza kwa muda ambao mahubiri yangechukua.