Friji Bovu la Nyuma ya Karakana

Mume wangu ni fundi friji, tena fundi anayejulikana Tunduma hii yote mpaka ng'ambo Nakonde, na miaka yote ya ndoa yetu mimi nilikuwa nafunika pombe kwa blanketi langu la kulalia. Sikilizeni vizuri. Si blanketi kuukuu la jikoni, ni langu la kulalia. Pombe imejifunika gubigubi, mimi natetemeka.

Asiyekijua kipupwe cha Tunduma atasema natia chumvi. Baridi ya huku inauma mpaka kwenye fizi, na pombe ya ulezi haipatani na baridi. Unaloweka ulezi, unauotesha, unauanika, unausaga upate kimea. Unapika uji wa mahindi, unaupoza, unatia kimea chako, unafunika. Kukiwa na joto, asubuhi unaikuta inachemka yenyewe bila moto. Kukiwa na baridi, inagoma. Inakutazama tu kama uji wa mgonjwa, na wateja hawataki kusikia habari za hali ya hewa. Kwa hiyo mpika pombe wa huku kipupwe kikiingia anahamia jikoni. Anachochea moto mdogo kando ya ndoo, usizidi, usipungue, anameza moshi, anakohoa, na kukicha macho ni mekundu mpaka watu wanadhani naye kalewa.

Basi mpika pombe huyo ni mimi, Jenista. Kilabu changu kiko Sogea, nyuma ya maegesho ya malori. Madereva wa Kizambia wananiita "mayo", yaani mama kwa lugha yao, na wananunua kwa ndoo. Binti yetu Brenda amevaa sare za shule kwa pombe hiyo. Sisemi mume wangu Lusajo ni mvivu, hapana, Mungu asinisikie nikimsingizia. Mafriji ya watu yalipona. Kinyozi hajinyoi, ndivyo wanavyosema, lakini kinyozi gani anamcheka mkewe kwa sababu nywele zimemzidi?

Maana alinicheka. Mwaka mmoja kifua kilinibana mpaka nikapelekwa hospitali, daktari akasema, mama, kaa mbali na moshi. Nikaenda karakana kwake, hapo hapo uani kwetu, nikamkuta na fundi mwenzake, Felix. Nikamwambia, "Baba Brenda, wewe ni fundi. Huwezi kunitafutia kitu cha kushika joto la pombe? Hata friji bovu? Si ule mlango wake unazuia joto lisiingie? Basi utalizuia lisitoke."

Lusajo akamtazama Felix. "Umesikia hiyo? Friji ni la baridi, mama Brenda. Wewe unataka joto, kaiweke pombe kwenye pasi."

Wakacheka mpaka Felix akadondosha bisibisi. Mimi nami nikacheka, maana mwanamke ukichekwa mbele za watu usipocheka unaonekana una kisirani. Jioni nikalirudia, akasema kesho ataliangalia. Loo! Kesho ya Lusajo haijawahi kukucha. Kila kipupwe nilimkumbusha, na kila kipupwe ilikuwa kesho.

Mwaka huu nikachukua oda ya harusi. Baridi ikashuka ambayo sijawahi kuiona. Nikaweka blanketi langu, nikaweka la Brenda, nikachochea, nikakohoa, wapi! Wenye harusi wakaja na ndoo zao wakakuta uji. Wakaanza kufoka, na wana haki. Lusajo alikuwa amesimama mlangoni. Badala ya kusema mke wangu amekesha na hiyo pombe, akasema mbele yao wote, "Hata pombe nayo imekushinda? Sasa unaweza nini?"

Nikavua kitambaa nilichojifunga kiunoni, nikakiweka juu ya ndoo, nikaenda kwetu Mbebe. Brenda nilimwacha kwa sababu ya shule. Hilo liliniuma kuliko maneno ya baba yake, lakini ningekaa siku ile ningemtupia mtu mwiko.

Kwetu, mwanamke akirudi nyumbani kwa hasira, mume hamfuati mikono mitupu. Anakuja na pombe. Yeye anaonja kwanza, kuonyesha kwamba ni safi na moyo wake ni safi, kisha mke anakunywa. Mke akishakunywa, kesi imekufa. Halifufuliwi neno hata moja, wala na yeye, wala na wazazi. Baba yangu, mzee Fanueli, ni Mkristo wa kukaa benchi la mbele, lakini desturi hii hajawahi kuiweka kwenye hesabu ya dhambi. Mshenga wetu, Osea, alipokuja kuulizia njia, baba akamwambia, "Pombe isinunuliwe kilabuni. Ipikwe chini ya paa lake."

Osea akakuna kichwa. Mama yake Lusajo alishafariki, dada zake wameolewa Zambia. Mpika pombe wa nyumba ile nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nachambua maharage. "Sasa nani atapika?" akauliza.

"Atajua mwenyewe," baba akasema.

Nilifurahi, nisiwafiche. Nilikuwa nimeshaamua moyoni. Nilichokuwa nakitaka kwa Lusajo si pole wala kitenge. Nilitaka aonje taabu niliyoipata. Akae na ndoo, aione baridi, aumeze ule moshi, aelewe. Mtu aliyeelewa ningerudi kwake hata kesho yake. Asiyeelewa, ng'o, hata angekuja na ng'ombe.

Brenda akawa ananipigia kwa simu ya jirani. "Mama, baba kasaga ulezi." Siku nyingine, "Mama, baba kaunguza uji, kaupika tena." Halafu, "Mama, baba anasema usiku pombe isipoe hata kidogo, na jikoni amefunga friji, pombe anaiweka humo." Nikamwona kwa macho ya moyo, jamani. Nikamwona Lusajo kajikunyata jikoni usiku, macho mekundu, anahangaika na friji lake, anapima, anakosea, anaanza upya, kwa ajili yangu. Mwanamume mzima! Nilimhurumia mpaka nikaanza kuulizia usafiri wa kurudi. Mama akaniambia, "Mbona unaimba?" Kumbe nilikuwa naimba.

Wakaja Jumapili baada ya ibada, Lusajo na Osea, kila mmoja nyuma ya bodaboda yake. Osea ndiye aliyepakata ndoo. Mfuniko ulikuwa umelegezwa ili pombe ipumue, na kwa barabara ile ya milima ilimpumulia mapajani. Suruali ya kanisani ilikuwa imelowa, ananuka kama mlevi wa siku nyingi. Hata baba alicheka. Nyumba nzima ikawa nyepesi.

Tukakaa. Lusajo alikuwa amenyoa, amevaa shati nililompigia pasi mimi mwenyewe kabla sijaondoka. Akapiga goti, akachota, akanywa, akafuta mdomo. "Baba, mama, nimekosa," akasema. "Nilimwambia mke wangu maneno mabaya mbele ya watu. Naomba anisamehe." Akanyoosha kikombe kwangu kwa mikono miwili.

Nikasema moyoni, ameona. Nikakipokea, nikanywa chote.

Ilikuwa nzuri. Ngoja niseme kweli hata kama inanichoma: ilikuwa pombe nzuri, imeiva sawasawa, haina ukakasi, haikulala. Mama akapiga vigelegele. Baba akanywa, akaongeza, akaanza kumtazama mkwe wake kama mtu aliyerudi na shahada.

"Mkwe," akasema, "kwa baridi hii ya sasa, umeiivishaje?"

Basi. Mwite Lusajo kwenye habari za ufundi uone anavyochangamka. Akasogea mbele kwenye kigoda, akaanza kuchora hewani kwa vidole. "Baba, friji likifa mashine, kasha lake bado zima. Nimetoa rafu zote, nimeng'oa na kile kisanduku cha barafu, ndoo ikaingia barabara. Nimetoboa tundu ubavuni, nikapitisha waya, nikafunga balbu moja, zile za njano za zamani zinazotoa joto. Halafu nikaweka kidude cha kupimia joto, kile cha kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Ndani kukipoa balbu inawaka, kukipata joto inazima. Inajiendesha yenyewe!"

"Ee bwana!" baba akasema. "Hiyo kazi imekula muda gani?"

"Ah, mzee, kazi ndogo. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, jua halijazama nimeshamaliza. Kila kitu kilikuwepo karakana."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kitupu. "Friji lipi?" nikauliza.

"Lile jeupe dogo, lililokaa nyuma ya karakana tangu Brenda hajaanza shule."

"Lile ninaloanikia masufuria juu yake?"

"Hilo hilo!" akasema, na furaha yote usoni.

"Na usiku?" nikasema. "Si ulikuwa unaamka?"

"Nikaamkie nini? Si nimesema linajiendesha? Nililala fofofo."

Alisema hivyo kwa wema kabisa. Hakuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Mtu huyu hakuonja kitu. Hakuona baridi, hakumeza moshi, hakukesha hata usiku mmoja. Alipohitaji yeye, ilichukua mchana mmoja. Nilipohitaji mimi, nikikohoa mpaka natapika, nikaambiwa niiweke kwenye pasi. Na lile friji nilikuwa naligusa kila siku kwa mikono yangu, naanika masufuria yangu juu yake, halafu naenda kulala na moshi.

Nikasimama. "Baba, mimi sirudi."

Osea akaangalia suruali yake.

"Kaa chini, mwanangu," baba akasema.

"Sirudi! Mwaka ule nilipougua kifua nilimwomba kitu hicho hicho, maneno yale yale, friji, mlango, joto, akanicheka na Felix wake. Kumbe alikuwa anaweza! Angekuwa hawezi ningemwelewa. Alikuwa anaweza!"

"Jenista," Lusajo akasema, ameshangaa kweli, "si ndiyo maana nimelitengeneza? Sasa ni lako."

"Umelitengeneza ili nirudi. Hukulitengeneza ili nilale."

Mama akanivuta kitenge. Baba aliweka kikombe chake chini taratibu, na sauti aliyoitumia haikuwa ya ukali, ingekuwa ya ukali ningebishana nayo. "Umeshakunywa, mwanangu."

"Nilikunywa kabla sijasikia."

"Wote tulikunywa kabla hatujasikia. Angekutukana tena, ningemfukuza mimi mwenyewe. Lakini kosa hili ni la zamani, na la zamani umelimeza mbele yetu. Ukilitapika sasa, nani atakuja tena kwenye nyumba hii kupatana?"

Nilimtazama mama nikidhani atasema neno. Akasema, "Brenda yuko peke yake huko." Basi, hilo ndilo lililonimaliza. Nikaingia ndani nikafunga mzigo wangu.

Sasa friji liko jikoni kwangu, waya umepita ubavuni kama alivyosema. Silali tena na moshi, kikohozi kimepungua, blanketi langu nalilalia. Wanawake wa mtaa wanakuja kulitazama. Wanafungua mlango, wanaona balbu na ndoo, wanasema, mwenzetu una bahati, mume anayekufikiria. Nasema asante. Nifanyeje? Nikianza kueleza nitakuwa nafufua kesi, na kesi ilishakufa Mbebe, mimi mwenyewe niliimeza. Usiku ndio mbaya zaidi. Nalala nina joto, najisikia mwili umepumzika, na kila nikipumzika nahesabu vipupwe vyote ambavyo ningepumzika hivi hivi.

Nilikuwa naomba liharibike. Ndiyo, niliomba, nimepiga magoti kabisa. Liharibike, limsumbue, alifungue na kulifunga, ashindwe, apite hata usiku mmoja jikoni na ndoo, basi ningeweza kusema ilikuwa kazi ngumu na ndiyo maana alichelewa. Umeme ukikatika wakati mwingine lile kasha linashika joto mpaka umeme unaporudi. Pombe haijawahi kugoma hata mara moja.

Juzi Lusajo amekaa kilabuni jioni, wateja wameshaondoka, akanitazama nikisuuza vikombe. "Mama Brenda," akasema, "tangu urudi hujanichangamkia. Nimekuomba radhi mbele ya wazazi wako, friji nimekutengenezea. Lina tatizo gani? Niambie nilirekebishe."

"Halina tatizo."

"Sasa nini?"

"Ni hilo hilo," nikasema. "Linafanya kazi."

Akacheka mpaka akakohoa. Alidhani namtania, akanyoosha kikombe nimjazie, nikamjazia.