Mkanda Uliokatika Kwenye Karatasi

Ukungu wa tandiko la kwanza ulikuwa wa kijani. Wa la pili ulikuwa mweupe, na huo ndio mbaya, kwa sababu huingia ndani ya ngozi na kuila kimyakimya huku juu panaonekana pazima. Fundi aliliweka la pili juu ya gogo, akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akakikamua, akaanza kufuta kutoka katikati kwenda pembeni. Ngozi iliyokauka haitaki pupa. Ukiilowesha ghafla, inapasuka.

Walimwita Shazia, kwa ile sindano nene ya kushonea magunia, maana haikukosa kuchomekwa kwenye kitambaa chake cha kichwani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifufua matandiko ya klabu ya farasi katika chumba kilichokuwa stoo ya nyasi. Kilikuwa na dirisha moja na meza moja, na misumari ukutani ya kuning'iniza mikanda. Nta ilikuwa imepanda bei mara tatu tangu mwaka uanze, na alipomwomba karani wa klabu ampe nta zaidi, karani alimjibu, "Tumia akili." Kwa hiyo alikuwa akiokota vipande vya mishumaa kwenye ukumbi wa wageni, anaviyeyusha na mafuta ya ng'ombe, na kuupaka uzi wake kwa mchanganyiko huo.

Mdogo wake, mtunza farasi, aliingia kuchukua tandiko lililokuwa tayari.

"Dada, hilo unalolifuta ni zee kuliko wewe."

"Na bado linabeba watu. Wewe unabeba nini?"

"Mimi nabeba samadi, na jina la ukoo."

"Vyote vinanuka. Toka, unaniwekea kivuli."

Alitoka akicheka, tandiko begani. Lilikuwa tandiko la Mkwe. Watu wa mazizini walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa amemwoa binti wa mwenye klabu, na hawakujua kazi yake nyingine. Jana Shazia alikuwa amelifunga mkanda mpya wa tumboni, ule unaopita chini ya farasi na kulishika tandiko lisizunguke. Aliushona kwa sindano mbili, uzi mmoja ukipita kila tundu kutoka pande zote mbili, ili upande mmoja ukichoka mwingine ushike.

Alikuwa hajamaliza kufuta tandiko aliposikia kelele. Ilikuwa ya farasi kwanza, kisha ya mtu.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Baadaye watunza farasi wenzake na mdogo wake walimweleza ilivyoanza. Farasi alikuwa amegoma kuruka kiunzi mara tatu, na saa kumi jioni wageni walikuwa wanakuja kumtazama Mkwe akiruka. Mkwe akashuka, akamwambia mtunza farasi, "Panda wewe, tujue mbovu ni nani, mimi au huyu mnyama." Kijana akapanda. Farasi akagoma tena. Mkwe akauinua mjeledi, akampiga farasi, na kijana alipoinama kumtuliza farasi, akampiga kijana mgongoni.

Shazia alichokiona kwa macho yake kilianzia hapo. Farasi alisimama kwa miguu ya nyuma, mdogo wake akaanguka, na mguu wake wa kushoto ukabaki umenasa kwenye kikuku, lile duara la chuma la kukanyagia. Farasi akakimbia naye. Kichwa chake kiligonga nguzo ya kiunzi, kikagonga ya pili. Kila farasi alipozunguka na kufika karibu na Mkwe, Mkwe alipiga. Alimpiga farasi shingoni, akalipiga tandiko, akampiga na aliyekuwa akiburutwa chini, kama mtu anayetwanga bila kuangalia kilichomo kinuni.

"Mwache," Shazia alisema, akijua kabisa kwamba hasikiki. Aliruka uzio, akaishika hatamu. Farasi akamtupa kwenye mbao, pumzi zikamkatika. Watunza farasi wawili wakamsaidia. Walipomsimamisha yule mnyama, mguu wa mdogo wake ulikuwa umeelekea kule ambako mguu hauelekei, na ngozi ya upande mmoja wa uso wake ilikuwa imebaki uwanjani, mchangani.

Dereva wa lori la nyasi alimpakia. Shazia alipoweka mguu apande, karani akamshika mkono.

"Wewe baki. Tandiko lina kazi."

"Tandiko?"

"Baki, nimesema."

Lori likaondoka. Halikupita hata saa moja likarudi, na dereva akamjia Shazia akiwa ameivua kofia yake.

"Wamemlaza kwenye benchi la mapokezi," alisema. "Wanasema mtu aliyeumia hivi hawamgusi bila fomu ya polisi. Wanaogopa asije akawa jambazi."

"Anapumua?"

"Anapumua kwa sauti, dada. Fanya haraka."

Polisi hakuwa mbali. Alikuwa ofisini kwa karani, na kikombe cha chai mbele yake, maana mwenye klabu alikuwa amekwisha kumwita. Mkwe alikuwa dirishani, anawatazama wafanyakazi wakipanga viti vya wageni. Hakugeuka.

"Fomu ninayo, mama," alisema askari, akagonga bahasha yake kwa kidole. "Mimi si mtu mbaya. Ila fomu ina mstari unaouliza chanzo, na siwezi kuacha mstari mtupu. Wakubwa wataniuliza."

"Chanzo kimesimama hapo dirishani," alisema Shazia.

Askari akanywa chai. Karani akasukuma karatasi iliyokuwa imeshapigwa chapa. Shazia aliisoma polepole. Ilisema kwamba mkanda wa tumboni ulikatika kwa sababu ya ushonaji mbovu, na kwamba fundi aliyeushona anakiri.

"Mkanda haujakatika."

"Ndiyo maana nimekwambia kazi yako haijaisha," alisema karani. "Damu itoke. Zile alama kwenye ngozi zizibwe zisionekane. Huo mkanda uukate, utabaki kwenye faili, na tandiko ulifunge mwingine. Saa nane afande anakagua. Saa kumi bwana anapanda."

"Na fomu?"

"Saini kwanza."

Mdogo wake alikuwa amekuja klabuni kwa maneno yake yeye. Yeye ndiye aliyemfuata nyumbani, akamwambia farasi hawasumbui, wana akili kuliko watu. Alisaini. Kalamu ilikuwa ya karani na karani aliirudisha mfukoni kabla wino haujakauka.

"Nipeni fomu sasa."

"Nikishaona mkanda," alisema askari.

Stoo, tandiko lilikuwa limetupwa mlangoni. Alilipandisha kwenye gogo. Damu hutolewa kwa maji baridi. Ya moto huipika ikabaki humo milele. Alibadilisha maji mara tano, na mara zote tano aliyamwaga mbali, nyuma ya ukuta. Damu ilipotoka ndipo alipoziona alama. Mjeledi wa Mkwe ulikuwa umepasuliwa ncha, na kila pigo liliacha mistari miwili sambamba, nafasi ya kidole kidogo kati yake. Kwenye bawa la kushoto la tandiko, ile ngozi pana inayoning'inia ubavuni, alihesabu jozi saba.

Alichanganya nta na masizi, akaijaza mistari, akaisugua kwa kipande cha mfupa mpaka ngozi ikawa sawa. Alipaka mafuta mara mbili. Alifanya vizuri, na hilo lilimuuma kuliko kusaini, kwamba mikono yake haikujua kuifanya kazi ile vibaya hata leo. Tandiko liling'aa. Ungedhani halijawahi kupandwa na mtu.

Kisha akachukua kisu na mkanda.

Aliuweka juu ya meza. Mishono ilikuwa imelala kama alivyoilaza jana, hakuna hata mmoja uliolegea. Mkanda ule ulikuwa umemshika farasi mwenye wazimu, mtu amening'inia, mizunguko miwili mizima, haukusogea. Karatasini alikuwa ameandika uongo ili ndugu yake apone. Lakini akiukata kwa mkono wake, uongo ule utakuwa kweli, na akifa yule kijana atakuwa ameuawa na dada yake. Aliweka kisu chini. Alifunga tandiko mkanda mwingine, akauchukua ule mzima, akaenda nao ofisini.

"Hujaukata," alisema karani.

"Mmeandika umekatika. Afande na aukague."

Askari aliupokea. Labda ni mazoea tu ya kazi, aliunasa kwenye kitasa cha mlango, akaweka buti ukutani, akavuta kwa mikono miwili. Ngozi ililia kidogo. Akavuta tena, mshipa ukamtoka shingoni. Kitasa ndicho kilichocheza.

"Huu imara," alisema. Sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli.

"Nini kinachelewesha hapa?" Mkwe alikuwa mlangoni, amevaa buti zake ndefu, mjeledi kwapani. Akaangalia mkanda, akamwangalia karani, halafu Shazia. "Huyu mama anatuchezea?"

"Fundi haelewi," alisema karani.

"Naelewa," alisema Shazia. "Mkanda haukukatika. Wewe ndiye—"

Pigo la kwanza lilimpata mkono, kwa kuwa aliuinua kukinga uso. La pili lilipita palepale. Mkono ukafa ganzi mpaka begani, na akaona damu ikitoka kwa mistari miwili miwili kabla hajasikia maumivu. Alirudi nyuma akagonga meza. Askari alikinyanyua kikombe chake kisimwagike, akakiweka kwenye kabati. La tatu lilimpata Shazia shingoni, akapiga goti.

"Basi, bosi," alisema askari, kwa heshima. "Wageni wasije wakasikia."

Mkwe alikuwa anahema. "Nikirudi nisimkute hapa. Leo ndiyo mwisho." Akatoka, na nje walimsikia akimuuliza mtu kwa sauti ya kawaida kabisa kama viti vimetosha.

Karani alitoa mkasi kwenye droo, akajaribu kuukata mkanda. Mkasi wa karatasi. Uliteleza, ukamtoboa kidole.

"Achana nao," alisema askari, ameshakaa. "Hauna haja ya kukatwa." Alivuta fomu, akaandika huku akitamka kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mkanda... u-li-ka-ti-ka." Mkanda wenyewe ulikuwa kwenye goti lake. Aligonga muhuri, akampa Shazia fomu. "Haya, mama. Wahi hospitali. Pole sana."

Dereva alikuwa ameacha injini inanguruma nyuma ya mazizi.

"Panda," alisema. "Nikiulizwa, nimeenda kuchukua pumba." Kisha akauona mkono wake. "Wamekupiga na wewe?"

"Endesha, kaka."

Njia nzima aliendesha ameinama mbele kana kwamba analisukuma gari kwa kifua.

Mdogo wake alikuwa palepale kwenye benchi. Mtu mmoja asiyemjua alikuwa amemkunjia koti chini ya kichwa. Jicho moja lilikuwa limeziba, lingine lilimtafuta Shazia.

"Dada. Ulikatika?" aliuliza, maneno yakipita kwenye meno yaliyovunjika. "Wamesema ni mkanda."

"Haukukatika."

"Nilijua," alisema, akalifunga jicho.

Muuguzi wa zamu aliichukua fomu, akaangalia muhuri kwanza, halafu akasoma. Alikuwa mwanamke wa makamo, miguu imemvimba ndani ya viatu vyeupe. Aliwaita vijana wawili wa machela. Mgonjwa akapelekwa chumba cha vidonda, na hakuna aliyemzuia Shazia kuingia.

"Ushonaji mbovu," alisema muuguzi, anakata shati kwa mkasi. "Nani alishona?"

"Mimi."

"Na huyu ni nani wako?"

"Tumbo moja."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Jamani. Mtu akifanya kazi ya kubeba roho za watu, si angekuwa makini."

Walimgeuza mgonjwa ubavu, shati likabanduka na ngozi iliyoganda nalo. Mgongo ulikuwa umechorwa kutoka bega hadi kiunoni, mistari miwili miwili, mipana, iliyonyooka. Muuguzi alisimamisha mkasi. Hakuna mchanga unaochora hivyo.

Ndipo Shazia akakunja mkono wa gauni lake, akauweka mkono wake juu ya mgongo wa mdogo wake, bila kugusa. Damu ilikuwa bado mbichi. Mistari ilikuwa ileile, na nafasi kati yake ileile.

"Mimi sikupanda farasi," alisema.

Muuguzi alitazama mkono, akatazama mgongo, akatazama mlango. Mmoja wa vijana wa machela akajifanya anatafuta pamba. Muuguzi aliusukuma mlango kwa mguu ukafungika, akaifuta mikono, akachukua fomu na kalamu. Alitafuta nafasi. Kila mstari ulikuwa umejazwa kwa mwandiko mkubwa wa askari.

"Hakuna pa kuandika," alisema.

"Pembeni pako wazi."

"Pembeni hawasomi, mama."

"Andika hivyohivyo."

Muuguzi aliilaza fomu upande, akaanza kuandika kwa herufi ndogo kwenye ukingo wa karatasi. Aliandika idadi ya alama za mgongoni, akaandika za mkononi. Kisha akainua macho.

"Aliyepiga anaitwa nani? Jina kamili, la kwenye kitambulisho."

Miaka yote ile klabuni walikuwa wakimwita Mkwe, na mbele yake bwana. Shazia alivuta pumzi, akalitaja jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, akisubiri kila moja iandikwe ndipo aitoe nyingine.