Isale la Wenseslaus

Theodora alikuwa amefika katikati ya gunia la pili alipoona mama yake anamwaga maji chini badala ya kwenye mashine. Aliendelea kuzungusha mkono wa mashine ya kumenya kahawa, taratibu, maganda mekundu yakianguka upande huu na punje zenye utelezi zikitumbukia kwenye ndoo upande ule. Mama yake, Mektrida, ambaye Uru nzima ilimwita Mama Rogath, alichota maji tena kwa kata. Mkono ukatetemeka, kata ikagonga chuma, na nusu ya maji ikaishia kwenye kanga yake.

"Usiniangalie hivyo," alisema Mama Rogath. "Maji ni ya mfereji, hayaishi."

"Sijakuangalia, Mama."

Alikuwa anamwangalia. Wiki ile walikuwa wamepunguza tena dawa, na kila walipopunguza, siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Mama hakulala. Jasho lilimtoka kwenye baridi ya mlimani, mlango ukibamizwa alishtuka kama amepigwa, na jana alimfokea jogoo mpaka mwenyewe akalia. Daktari alikuwa ameonya kwamba yote hayo yangekuja, na kwamba yangepita. Alikuwa amesema pia mama asiketishwe kitini kama mgonjwa, afanye kazi anayoiweza mchana ili usiku mwili uwe na sababu ya kulala. Kwa hiyo Theodora aliacha maji yamwagike, akazungusha mashine, na hasira yake akaizungusha humo humo.

Hasira ilikuwa na mwaka karibu mzima. Ilianza Krismasi.

Lakini vidonge vilianza zamani, siku walipomzika baba. Mama alikuwa halali, analia hadi kunakucha, na zahanati moja kule Kiboriloni ikamwandikia vidonge vya usingizi vya wiki moja. Cheti kilisema hivyo, wiki moja. Alivichukua duka la dawa la Wenseslaus, kijana wa kijijini kwao Uru, wa jumuiya moja nao ya sala. Wiki ilipokwisha Mama alirudi dukani, na Wenseslaus hakumuuliza cheti kingine. Baadaye hata kushuka hakuhitaji tena. Wenseslaus alikuwa akipanda na pikipiki Jumapili, anamkuta nje ya kanisa, anamwekea pakiti mkononi huku anamwamkia kwa adabu zote. Watu walimsifu. Walisema kijana yule anajali wajane.

Miaka ikapita hivyo. Mama akawa mtu mpole kupita kiasi. Alisahau sufuria motoni, akaanza kuburuta maneno, akawa anaanguka mgombani mchana kweupe. Ukoo ukakaa na kuamua kwamba anakunywa pombe ya mbege kwa siri. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Theodora naye hakumuuliza.

Ndipo Rogath, kaka yake Theodora, akaja Krismasi, kama wanavyokuja watoto wote wa mlimani waliotawanyika, gari limejaa mchele na soda, siku za kukaa ni chache, na kila kilichoharibika mwaka mzima kinatakiwa kitengenezwe kabla hajarudi Dar. Alibadilisha bati la jikoni. Alipaka rangi geti. Alichinja mbuzi. Kisha akaingia chumbani kwa mama yake kutafuta chupa za pombe, akakuta vidonge chini ya godoro, akavitupa vyote chooni. Jioni alitangaza mezani kwamba tatizo la Mama limekwisha, na ukoo ukampigia makofi.

Kabla nyama ya mbuzi haijaisha, Mama alianguka jikoni kwa degedege, macho yamegeuka, damu ya ulimi inamtoka mdomoni. Walimshusha hospitali kwenye gari lile lile la Krismasi, Rogath anaendesha huku analia kama mtoto.

Daktari aliyewapokea aliitwa Isha, mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Moshi mjini, ambaye babu yake aliwahi kuuza vitambaa karibu na soko. Hakumgombeza mtu. Aliwauliza kama wanaijua barabara ya Kibosho wakati wa mvua. Akasema kila ubongo una breki zake, na vidonge vile hukanyaga breki kwa niaba yako. Ukivimeza muda mrefu, ubongo unaacha kukanyaga wenyewe. Ukivitoa siku moja, unakuwa umelisukuma gari kutoka juu ya Kibosho bila breki.

"Mama yenu si mlevi," alisema. "Alimeza alichopewa. Mwili ukazoea, ukadai, na yeye akautii."

Kilichowashangaza ni kwamba alimrudishia vidonge. Vile vile. Ila sasa vilikaa kwa Theodora, kwenye kopo la maziwa lenye kufuli, na kila baada ya muda daktari aliagiza kipunguzwe kipande kidogo tu, wasubiri mwili uzoee, ndipo wapunguze tena. Theodora alijifunza kuvikata kwa wembe juu ya kioo. Mama alizuiwa chai ya rangi jioni. Kila mwezi alishuka kuzungumza na mshauri, na huko, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alimzungumzia baba. Kazi ilikuwa ya miezi mingi, na ilikuwa haijafika mwisho.

Theodora ndiye aliyekwenda kwa wakaguzi wa dawa. Duka la Wenseslaus likafungwa. Jumatatu inayokuja Mama alitakiwa kushuka mjini kusema mbele yao, kwa mdomo wake, nani alimpa nini. Bila maneno yake, duka lingefunguliwa, na Kiboriloni kulikuwa na wajane wengine.

Mbwa akabweka. Kwenye geti alilopaka rangi Rogath walisimama wanaume wawili. Wa mbele alikuwa Mzee Leodegar, rika la marehemu baba, ameshika mkononi jani bichi la isale lililofungwa fundo. Nyuma yake, kapu mkononi, alikuwa Wenseslaus.

Theodora aliacha mkono wa mashine. Alijua maana yake, kama kila aliyezaliwa katika vihamba vile, mashamba ya nyumbani ya ukoo, anavyojua. Aliyekosa akikuletea isale kwa mkono wa mzee, unapokea. Ukishapokea, jambo limekwisha, halisemwi tena barazani wala kwa mkaguzi.

Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa. Wenseslaus alimpa Mama Rogath shikamoo ya mikono miwili na kuweka kapu miguuni pake, akisema ni sukari kidogo na sabuni, zawadi tu. Waliketi kwenye benchi kando ya mashine. Leodegar alizungumza kwanza, kwa kirefu, juu ya ujirani, juu ya marehemu, juu ya jinsi mambo ya mjini yanavyovunja nyumba za mlimani. Kisha akampisha kijana.

"Mama," alisema Wenseslaus, ameinamisha kichwa, "kama kuna mahali nilikukosea, naomba unisamehe."

"Kama," alisema Theodora. "Umepanda mlima wote huu kuleta 'kama'."

Wenseslaus alitabasamu. "Dada Theo, hasira zitakupandisha presha. Ningekwambia upite dukani nikupe dawa yake, lakini si mmelifunga?"

Leodegar alicheka kidogo, kisha akajikohoza. Theodora alihisi masikio yake yanawaka. Alisema kwa sauti ya chini, maana sauti yake ilikuwa hivyo siku zote, kwamba cheti kilikuwa cha wiki moja. Wenseslaus akajibu kwamba mteja akija analia, yeye ana moyo, hawezi kumfukuza. Akaongeza kwamba mama mwenyewe ndiye aliyekuwa anaomba, na hata kushukuru.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Theodora kuliko yote. Alimgeukia mama yake amsikie akisema neno. Mama Rogath alikuwa anaangalia kapu. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono miwili na kulipokea jani.

Leodegar alishusha pumzi. Alisema sasa ya Jumatatu hayana haja tena, na kwamba katika umri wake wote hajaona mtu wa Uru akirudisha isale. Wenseslaus alisimama akakung'uta suruali.

Theodora hakuwasindikiza. Alichukua panga akaingia mgombani, akaanza kukata majani makavu, yale ambayo angekata wiki ijayo, kisha yale ya mwezi ujao. Alimkata Wenseslaus, akamkata Leodegar na kicheko chake, akamkata Rogath na makofi yake ya Krismasi. Akamkata mama yake, Mungu amsamehe, mama ambaye yeye alikuwa amekesha naye akimfuta jasho, na ambaye leo amenyoosha mikono kama anapokea komunyo. Aliposimama kupumua aliona ameangusha mgomba mzima wenye mkungu mchanga, ndizi nyembamba kama vidole vya mtoto. Haukuwa na kosa. Aliutazama, akalia, akaubeba kumpelekea ng'ombe.

Aliporudi uani jua lilikuwa linashuka upande wa Kibosho. Mama Rogath alikuwa bado kwenye benchi. Kapu lilikuwa mapajani, sukari na sabuni zimewekwa chini, na juu ya sabuni lilikaa jani la isale. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa ngumi.

"Njoo haraka," alisema Mama. "Njoo kabla sijabadilika."

Theodora aliangusha panga. Ndani ya kapu, chini kabisa, kwenye gazeti lililokuwa limefungia sukari, palikuwa na karatasi ya vidonge. Vile vile anavyovikata kwa wembe. Tundu moja lilikuwa tupu.

"Mama."

"Nilijua tangu aliposhusha kapu. Nilijua kabla sijaona. Mate yalinijaa mdomoni." Mama Rogath alifumbua ngumi. Kidonge kilikuwa katikati ya kiganja, kimelowa jasho, kimeanza kuyeyuka, kimeacha unga mweupe kwenye mistari ya mkono. "Kitoe. Mimi vidole havitaki."

Theodora alikitoa. Alimwoshea mama yake kiganja kwa maji ya kata, akamsugua mpaka unga ukaisha, na Mama akamwachia mkono kama mtoto anayeogeshwa. Vilivyobaki alivifunga kwenye gazeti lake, akaviweka mfukoni.

Kisha Mama Rogath akaanza kutetemeka zaidi, na Theodora akamshika mabega akidhani degedege limerudi.

"Niache, siumwi," alisema Mama. "Nina hasira. Theo, nina hasira, sijui niziweke wapi. Miaka yote ile sikuwa nazo. Baba yako alikufa sikukasirika. Shemeji zangu waliniita mlevi mbele yangu nikachekacheka. Nilifikiri nimekuwa mtu mwema."

"Kwa nini ulipokea?"

"Kwa sababu nililitaka kapu." Alisema bila kuficha uso. "Nilipokea jani ili kapu libaki. Sasa umeshajua."

Theodora aliketi kando yake. Hasira zake zilitafuta mahali pa kusimama, zikakosa. Alikuwa amemhukumu mama yake mgombani, na hukumu ilikuwa ya kweli. Lakini ngumi nayo ilikuwa imefumbwa muda wote ule, tangu wageni walipotoka getini hadi jua kushuka, na hakuna mtu aliyekuwa hapa kumshikia.

Mama Rogath alilichukua jani la isale akaligeuza. "Mtu haji na msamaha mkono huu na kosa lile lile mkono huu," alisema. "Kesho tunalirudisha. Jani, sabuni, sukari, na hivyo ulivyoweka mfukoni. Vyote kwenye kapu lake, vimepangwa alivyovipanga. Tunampelekea Leodegar nyumbani kwake, avitoe mwenyewe kimoja kimoja mbele ya mkewe. Na Jumatatu nashuka mjini."

"Amesema hakuna aliyewahi kurudisha."

"Basi aniangalie vizuri."

Alisimama, akayumba, akashika mashine. Kwenye gunia kulikuwa bado na kahawa mbivu nyingi, na mwanga ulikuwa unakwisha. Theodora alisema wangeweza kumalizia kwa taa, kahawa iliyochumwa haipendi kulala. Mama alikataa. Alisema daktari ametaka awe kitandani mapema, alale asilale, na kahawa ya gunia moja haitaua mtu.

Wakafunika ndoo ya punje kwa majani ya mgomba ili zichachuke mpaka asubuhi, wakalowesha gunia lililobaki kwa maji ya mfereji na kulisogeza chini ya ukingo wa bati. Mama Rogath alimwaga maji ya mwisho kwenye mashine kuiosha. Nusu yalikwenda chini.

"Kipande changu cha leo," alisema.

Theodora akaingia ndani kufungua kopo.