Manjano Kwenye Nywele

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya barabara, kichwa chini, nikichekecha unga wa mbao uliotiwa rangi ya manjano, viatu vya binti yangu viliposimama mbele yangu. Nilivijua. Mimi ndiye niliyemnunulia, vya kahawia, vya kufungia pembeni. Miguu ilikuwa imevimba ndani yake.

"Mama, mna manjano ya kutugawia?" akauliza. "Huko juu yametuishia, na kalisi tunayoichora barabarani haijafika hata nusu."

Mwanamke yeyote wa umri wangu angeitwa hivyo. Sikuinua uso.

Nilikuwa nimeingia Ouro Preto Jumatatu ile, kwa basi la asubuhi, ukungu wa Juni ukiwa bado umelalia mapaa. Binti yangu Lucimar hakujua. Mara mbili nilikuwa nimekuja mji huu kumtunza na mimba yake, na mara mbili nilirudi kwetu baada ya kuzika. Ile ya pili, tukitoka makaburini, aliniambia bila kupandisha sauti: "Nikipata tena, mama, usije. Ukifika wewe, wao wanaondoka."

Tangu siku hiyo hakuniomba tena baraka, hata kwenye simu, yeye ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kulala bila kuniambia "nibariki, mama." Sikumlaumu. Nilimwekea Mungu nadhiri: sitakata nywele mpaka nisikie mtoto wa Lucimar akilia.

Habari za mimba ya tatu nilidokezwa na mkwe wangu Adalberto, kwa kunong'ona. Ilikuwa imeshavuka mwezi ule zile mbili zilipoharibika. Nilijaribu kukaa nyumbani. Mwili ulikaa, moyo ukagoma. Nikapanga chumba kwa Bi Ondina, mjane mwenzangu, chini kidogo ya nyumba ya binti yangu, na kila asubuhi nikawa napanda mlima hadi kanisa la Mtakatifu Efigênia.

Pale wageni hujipanga kutazama dhahabu ya altare, kisha huonyeshwa jiwe la maji, lililochongwa kama beseni. Wanasema wanawake watumwa walitoka machimboni na unga wa dhahabu umefichwa kwenye nywele, wakainama juu ya jiwe lile wakaziosha, na dhahabu iliyotuama humo ndiyo iliyojenga kanisa. Mimi nilisali benchi la nyuma, halafu nikasimama mlangoni, maana kutoka mlangoni niliona kamba ya nguo ya Lucimar. Jumatano niliona vinguo vyeupe vimeanikwa, vidogo kama viganja. Ikabidi niketi kwenye ngazi.

"Unamnyemelea mwanao kama paka," Bi Ondina aliniambia jioni hiyo akinimiminia kahawa.

"Nilikatazwa kuja."

"Na umekuja. Basi kesho utanisaidia kutandika zulia la unga wa mbao la maandamano. Barabara yetu haina mikono, na mtu anayemaliza mikate yangu ya jibini hakai dirishani siku ya Ekaristi."

Ndivyo nilivyojikuta magotini, nikitandika njia ambayo padri angepita juu yake na Sakramenti kabla mguu wa mtu mwingine haujaigusa.

Upepo ukapanda kutoka bondeni. Kitambaa changu kikateleza, msuko ukaanguka mbele, ukalala ndani ya manjano. Nilipoinuka kuuokota, macho yetu yakakutana.

"Mama?"

Safari hii hakuwa akiita mama yeyote. Mkono wake ulikimbilia tumboni. Niliutazama mkono ule, nikangoja anifukuze.

"Umefika lini?"

"Jumatatu."

"Nilikwambia usije."

"Ulinikataza nyumba yako. Mji hukunikataza."

Bi Ondina alicheka, akajifanya anakohoa ndani ya ndoo. Lucimar hakucheka. Alikuwa akitazama mbali, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Jumatatu," akasema polepole. "Jumatatu usiku mtoto alinipiga mateke mpaka Adalberto akaamka. Na jana hakutulia. Na leo tangu alfajiri." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

Akashuka taratibu, akaketi ukingoni mwa barabara, kando ya ungo wangu.

"Na haya manywele? Umekuwa kama farasi mzee."

"Ni ya mtoto. Siku akilia, nayakata."

Alifunika mdomo, mabega yakamtikisika. Sikujua ni kicheko au kilio, naye nadhani hakujua. Kisha akanyoosha mkono.

"Nibariki, mama."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Hakuuachia mkono wangu. Aliuvuta na manjano yake yote, akauweka tumboni, juu ya gauni safi la sikukuu.

"Na huyu."

Mchana maandamano yalipita, na zulia letu likawa vumbi. Jioni Lucimar aliniketisha uani kwake, kando ya beseni, akaufungua msuko.

"Inama vizuri," akasema.

Nikainama. Akamimina maji ya moto kwa kikombe, akichambua kwa vidole, na manjano yakawa yanashuka, yanatua chini ya beseni, yanametameta kwa taa ya uani. Hakuyamwaga upesi. Tulibaki tukiyatazama, sote wawili tumeinama, mpaka yakatulia.

Siku hizi nywele zangu zinaishia masikioni.