Jina la Mkuu wa Kaya

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja, kikanyamaza. Nikajua mdogo wangu ameamka na anakoroga chai gizani ili asiniamshe. Ana miaka minne sasa nyumbani kwangu, tangu aliposhindwa uchaguzi. Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, kwa hiyo mwanaume akichoka hurudi kwa dada yake.

Nilimkuta amevaa koti lake la bungeni. Limempwaya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umelala?"

"Kidogo."

Mikidadi alikuwa mbunge wetu miaka ishirini na mitano. Chama chake kilikuwa kidogo, cha demokrasia ya kijamii, na tulipomuuliza maana yake alituambia: tuchaguane kwa kura na tugawane kwa haki. Aliamini hivyo kweli. Zahanati yetu ya mlimani aliipigania yeye. Siku moja alikuta mama mwenye uchungu amebebwa kwenye machela, akamweka kwenye gari lake, na yeye akateremka mlima kwa miguu, mvua inanyesha. Mtoto alizaliwa humo garini. Dereva alilalamika, Mikidadi akamwambia kiti kinafuliwa. Hilo sitalisahau.

Lakini lipo pia lile la Mlali.

Miaka kumi na tano iliyopita mvua iliporomosha mlima, ikachukua nyumba na mashamba. Mikidadi akahangaika mpaka kaya arobaini zikapata ardhi huku chini, upande wa Mlali. Kule juu, shamba langu lilitoka kwa mama yangu, na la Mwanvita, rafiki yangu tangu utotoni, lilitoka kwa mama yake. Waume zetu walilima kwetu. Siku ya kuandikisha ardhi mpya, wanawake tulisema yaandikwe majina yetu. Fomu ilitaka jina la mkuu wa kaya. Kubishana na fomu kungechukua miezi, na kampeni zilikuwa zimekaribia. Mikidadi akamwambia karani, "Andika wanaume, tutarekebisha baadaye."

Hakurekebisha. Sasa wale waume wanakufa, na mila yetu ileile inasema cha mwanaume kinakwenda kwa watoto wa dada yake. Sufiani, mume wa Mwanvita, alifariki Ramadhani iliyopita. Kabla ya arobaini, mpwa wake Mosi alikuja na kamba ya kupimia shamba.

Siku hiyo ya koti ilikuwa ya usuluhishi, kwenye baraza la kata, na Mikidadi aliitwa kuwa shahidi. Miaka yote alisema majukwaani kwamba wanawake wenyewe walikubali. Alisema hivyo hata alipowaaga wapiga kura. Akirudia tena, Mwanvita hana pa kushika.

"Utasema nini?" nikamuuliza.

"Nitaeleza mazingira ya wakati ule."

"Mazingira hayakumwambia karani aandike."

Aliweka kikombe chini, akatafuta viatu.

Barazani watu walikuwa wengi. Abasi, ambaye ukoo wake na wetu ni watani, alimdaka mlangoni. "Mheshimiwa, leo hakuna vipaza sauti? Na hilo koti, umeazima kwa mtu mnene?"

Watu wakacheka, Mikidadi naye akacheka. Nilimshukuru Abasi moyoni, maana kicheko kile kilimpitisha mdogo wangu mlangoni.

Mosi alizungumza kwanza, kwa adabu. "Mimi namheshimu mama. Ila karatasi ina jina la mjomba, na mila wote mnaijua." Ni yeye aliyemletea Mwanvita kiti na kukifuta vumbi. Hilo nalo nililiona.

Mwenyekiti, Mama Yuliana, akageuka. "Mzee Mikidadi, wanawake walikubali majina yao yasiandikwe?"

"Kwanza tukumbuke kwamba wakati ule, kwa mujibu wa utaratibu uliokuwepo..."

"Mtani," Abasi akasema taratibu, "hapa hakuna Spika wa kukuongezea dakika."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mikidadi alimtazama Mwanvita. Mwanvita alikuwa anatazama miguu yake.

"Hawakukubali," Mikidadi akasema. "Walikataa. Mwanvita alisimama akataja jina la mama yake na la bibi yake, ili karani aelewe shamba linatoka wapi. Mimi ndiye niliyeagiza waandikwe wanaume. Nilitaka kazi imalizike kabla ya kampeni. Halafu nikasema uongo miaka kumi na tano."

"Na sisi tukakupigia kura," mtu akasema nyuma.

"Mkanipigia."

Mama Yuliana aliandika polepole, akasoma alichoandika, na mdogo wangu akatia sahihi. Tulidhani yameisha. Lakini baraza linasuluhisha tu, halina uwezo wa kuamua. Mosi alisema hawezi kujibu bila mama yake, na mama yake, dada wa Sufiani, yuko Turiani. Wasipopatana, kesi itakwenda wilayani. Mpaka hapo Mosi asilime, na Mwanvita asiondoke.

Nje, wanawake walimzunguka Mikidadi. Rehema alimshika mkono wa koti. "Na shamba langu? Mume wangu bado mzima, lakini anakohoa."

Nilimwona Mikidadi anatafuta maneno yake ya zamani, hayakuja. Akamwambia, "Sijui, Rehema. Nitakwenda kuuliza."

Tulimsindikiza Mwanvita mpaka kwake. Alitukaribisha magimbi ya asubuhi, yamepoa. Mikidadi akaketi kwenye mkeka.

"Nisamehe," akasema.

Mwanvita alimenya gimbi lote kabla ya kujibu. "Sijui kama naweza. Usiniulize leo."

"Sawa."

"Kampeni sita umepita hapa na kule juu. Hukuwahi kuketi."

"Sikuwahi."

Akamsogezea chumvi. Wakala, na mimi nikatazama shamba, mahindi yamefika magotini, na sikujua nani atayavuna.

Tulipoinuka, Mwanvita alitufuata mpaka mwisho wa ua.

"Ijumaa mama yake Mosi atakuwa amefika," akasema. "Sitaki kukaa nao peke yangu. Uje tena, Mikidadi. Uje mapema."