Haki Zote za Mlio wa Fridolin

Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Theodosia alipanda dunguni, jukwaa la miti la kulindia ndege, katika shamba lake la mpunga pale Katindiuka, akatundika spika kwenye msumari, akafuta umande kwenye kioo cha simu kwa ncha ya kanga, akabonyeza. Spika haikulia. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, maana kuna watu wanaoamini kwamba hata simu huogopa ukali. Kwenye kioo yakatokea maandishi meusi: "Maudhui haya hayapatikani tena katika eneo lako. Asante kwa kuwa nasi."

Mpunga ulikuwa kwenye maziwa. Mtu yeyote wa bonde la Kilombero anajua maana yake. Punje imeanza kujaa uji mweupe, laini, mtamu, na kwelea kwelea wana wiki mbili hivi za kuufaidi kabla haujakauka. Wiki mbili hizo mwenye shamba hana harusi, hana msiba, hana homa. Anaamia, yaani anafukuza ndege, tangu alfajiri mpaka jua linazama, na dunguni anashuka kwa haja tu.

Kilichokuwa ndani ya simu ni mlio wa marehemu mumewe, Fridolin. Enzi za uhai wake Fridolin hakuhangaika na kombeo wala debe. Alikuwa na mlio mmoja mrefu, unaoanzia tumboni, na ndege wakiusikia waliondoka bila kuangalia nyuma. Maneno yake hayawezi kuandikwa hapa, kwa sababu itakayoeleweka hivi punde. Mwishoni mwa kila mlio, kwa pumzi hiyohiyo, aliita jina la mke wake ili aje kumpokea zamu au amletee uji. Majirani walimtania kwamba ndege hawamkimbii yeye, wanamkimbia Theodosia.

Miaka sita iliyopita walikuja vijana wa kampuni moja ya mjini na vinasa sauti vyao. Walimrekodi mchana kutwa, wakampa kofia, jozi ya buti za mpira na karatasi kumi na moja za kusaini. Fridolin alizisaini zote bila kusoma hata mstari, kwa kuwa wageni walikuwa wamesimama juani na haikuwa adabu kuwasimamisha zaidi. Baadaye mlio ukaingizwa kwenye programu ya simu iitwayo Amia. Fridolin alipofariki, Theodosia aliununua kwa kubonyeza kitufe kilichoandikwa NUNUA, kwa herufi kubwa, na tangu siku hiyo wakaendelea kuamia wawili kama zamani. Siku nyingine, hata kama hakukuwa na ndege, aliucheza ule mwisho tu. Katindiuka nzima yeye ni Mama Beatus. Kanisani ni Mama Beatus, sokoni ni Mama Beatus, hata kaka zake wa kuzaliwa nao walishalizoea hilo tangu alipojifungua kifungua mimba. Fridolin peke yake ndiye aliyeng'ang'ania jina la ubatizo.

Saa moja ndege walitua. Walitokea ng'ambo ya mto Lumemo, kundi zito lililofunika jua kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu, wakajimwaga kwenye ekari zake mbili. Theodosia alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamwomba jirani yake, Kelestini, amgongee debe, akachukua simu, akaenda mjini.

Muhidin, muuza simu pale karibu na soko, ndiye aliyemuuzia spika na kumwekea Amia kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Muhidin mwanangu, simu imemmeza mzee."

Muhidin aliichukua, akasoma kwa muda mrefu, akaguna. "Haijammeza, Mama Beatus. Wamemwondoa. Mlio wameuuza kwa lile shamba kubwa la ng'ambo ya mto, haki ya peke yake. Sasa hivi wanafunga spika arobaini kule."

"Si niliununua mimi? Hapahapa, na wewe ukaniambia umeshakuwa wangu."

"Nilidhani hivyo, wallahi. Kumbe ulinunua ruhusa ya kuusikiliza mpaka wao watakapoamua vinginevyo. Imo kwenye masharti."

"Sasa mtu akinunua sufuria, mwenye duka anaweza kuja jikoni kwake kuichukua na wali ukiwa motoni?"

"Sufuria bado hawajafikia," alisema Muhidin.

Alikuwa kijana mwenye huruma, akajitolea kumjazia fomu ya malalamiko. Akauliza jina kamili. Theodosia alifungua kinywa, na jina lake halikutoka. Si kwamba alisahau wala kwamba koo lilikuwa limekauka, maana alisema "ngoja kidogo" vizuri kabisa, akajaribu tena, likagoma tena. Muhidin aliomba kitambulisho asome mwenyewe. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka.

"Wamelifunga na lenyewe," alisema, akimrudishia kadi. "Si limo ndani ya rekodi? Basi limekwenda na rekodi." Akaliandika kwa kalamu. Kwenye kuandika hapakuwa na tatizo, angalau kwa siku hiyo.

Theodosia aliogopa kidogo, halafu akakasirika sana. Njia nzima ya kurudi alilijaribu, kwa kunong'ona, kwa kuimba, kwa kuligawa vipande vipande. Alifika shambani na kinywa kikavu, akakuta pembe nzima ya shamba imesimama mashuke matupu.

Alhamisi asubuhi Fridolin alikuja mwenyewe. Alitokea njia ya makaburi ya parokia, kavaa suti aliyozikwa nayo, suruali ameikunja mpaka magotini kwa ajili ya tope. Kelestini ndiye aliyemwona kwanza.

"Shikamoo kaka Fridolin. Pole na safari."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima. Afadhali umekuja, maana hawa wadudu watatumaliza."

Fridolin alipanda dunguni, akakaa upande wake wa siku zote. Theodosia alimsogezea bakuli la uji. Alikunywa nusu, akasema una chumvi kidogo, akauliza habari za Beatus. Akaambiwa Beatus yuko Mkula, ana banda lake la kuuza matunda barabarani, anaendelea vizuri. Ndege walikuwa wanatua. Fridolin aliweka bakuli chini, akasimama, akapanua kifua, akafungua kinywa.

Hakukutoka kitu. Mishipa ya shingo ilimsimama, ngazi ya dungu ikatetemeka, lakini sauti haikutoka. Shuke lililo mbele yake lilikuwa na ndege watatu na hakuna aliyeacha kula. Akajaribu tena na tena. Mara ya nne alimgeukia mke wake ili amwambie jambo, akaanza na jina lake kama alivyozoea kuanza kila jambo, na hapo pia akabaki kinywa wazi.

"Nilisaini," alisema hatimaye. Neno hilo lilitoka bila shida yoyote.

"Wageni walikuwa wamesimama juani," alisema Theodosia. "Kaa umalize uji, Baba Beatus."

"Asante, Mama Beatus," alisema Fridolin. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu wafunge ndoa, na kila mmoja aliangalia upande wake wa shamba.

Mchana huohuo bodaboda ilimshusha Anold, wakala wa kampuni, mtu mwenye shati lililopigwa pasi na kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni. Mfumo ulikuwa umemtaarifu kwamba katika shamba hilo kumefanyika majaribio manne ya kutumia mlio bila idhini. Aliwaamkia wote wawili, akampa Fridolin pole ya kufariki, kisha akasoma kifungu cha tisa. Mtoa sauti ameikabidhi kampuni sauti hiyo na vyote vilivyomo ndani yake, kwa muda wote wa maisha yake na miaka hamsini baada ya kifo.

"Lakini mwenye sauti si huyu hapa?" aliuliza Theodosia. "Mtazame. Mguse."

"Namwona, mama. Ndiyo maana mfumo umemtambua haraka."

"Na jina langu? Nilibatizwa nalo kabla baba yako hajajua kutembea. Nani alilisaini?"

Anold alisogeza kurasa kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilimtia Theodosia hasira zaidi, maana mtu mbaya angeweza kumpiga donge la udongo. "Limo kwenye sekunde ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu," alisema. "Mnaweza kuomba kibali cha matumizi ya nyumbani. Majibu hutoka ndani ya siku tisini za kazi."

"Mpunga huu una siku tisa."

"Nimeliona hilo, mama. Kuna mlio wa mzee mwingine, ule upo wazi kwa kila mtu. Naweza kukuwekea sasa hivi."

Aliuweka. Ulikuwa mlio mzuri, wa mtu wa mbali, aliyezoea kufukuza ndege wengine kabisa. Kwelea kwelea waliinua vichwa, wakasikiliza mpaka mwisho, wakaendelea kula. Anold alionekana kuona haya. Alimwomba Theodosia aweke dole gumba kuthibitisha kwamba wametembelewa. Theodosia alikataa, akamwambia ashuke dunguni kwake kabla hajamsukuma. Anold alishuka kinyumenyume, akaaga kwa adabu, akapanda bodaboda.

Siku zilizofuata walipigana vita kwa mikono. Fridolin alirusha madonge kwa kombeo, kazi aliyoidharau maisha yake yote na ambayo hakuiweza. Theodosia alikimbia kwenye majaruba na debe, miguu ikachanwa na majani. Wakifukuza upande wa mashariki, ndege walihamia magharibi. Na kila baada ya dakika tano, kutoka ng'ambo ya mto, spika arobaini zilipasuka kwa pamoja na mlio wa Fridolin, mlio mzima wenye pumzi yote, na mwishoni likaja jina, kubwa, wazi, silabi moja moja, likasambaa juu ya bonde. Kila mlio uliinua wingu la ndege kwenye shamba kubwa na kulileta kwenye ekari mbili za Mama Beatus.

Mara za mwanzo Theodosia aliacha kila kitu na kusimama. Hakuweza kujizuia, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mume wake. Ndege walitumia nafasi hiyo kula.

Fridolin alimtazama, akatazama ng'ambo. Uso wake ulikuwa wa mwanaume aliyesikia mwanaume mwingine akimwita mke wake hadharani.

"Nani yule anayekuita?"

"Si wewe?"

"Ni mimi," alisema Fridolin. "Lakini mimi niko hapa, na sijakuita." Akaokota donge akalirusha kuelekea mtoni. Lilianguka kwenye jaruba la Kelestini.

Siku ya sita Theodosia alifunga kanga kiunoni, akavuka mto kwa mtumbwi, akaenda mpaka langoni pa lile shamba kubwa. Alimwomba msimamizi jambo moja tu, wazime spika za upande wa mto kwa siku tatu. Msimamizi, mama wa makamo aitwaye Edna, alimkaribisha kiti na kumpa maji. Alieleza kwamba spika huendeshwa kutoka mjini, yeye hana swichi. Kisha akamwomba radhi, akamwuliza mgeni wake anaitwa nani, aandike kwenye daftari la getini. Theodosia alifungua kinywa, jina likagoma. Juu ya mlingoti, hatua kumi kutoka walipokaa, spika ikajibu kwa niaba yake. Edna hakugeuka hata kidogo, maana alishaizoea. "Basi nitaandika mgeni," alisema.

Mavuno yalikuwa gunia tatu. Mwaka uliotangulia zilikuwa kumi na tisa. Fridolin alikaa mpaka kupura kukaisha, akashona magunia mwenyewe kwa sindano na kamba, akayabeba ndani moja baada ya jingine. Kelestini, ambaye shamba lake liliambulia gunia tano, alisema mwakani atalima ufuta. Majibu ya kibali hayakuja. Muhidin alituma ujumbe kwamba malalamiko yamepokelewa na yamefungwa siku hiyohiyo, na kwamba Amia sasa wanamtaka kila mteja aipe ukadiriaji wa nyota.

Jumamosi asubuhi Fridolin alikunja suruali mpaka magotini. Alisema ruhusa yake ilikuwa ya msimu tu na msimu umekwisha. Theodosia alimsindikiza hadi pale njia ya makaburi inapoiacha njia ya shamba. Alitaka kumwambia abaki, na alijua haiwezekani, kwa hiyo akamwambia aangalie tope karibu na daraja la magogo. Fridolin alisema ataangalia. Ng'ambo spika zikapasuka, zikamaliza mlio, zikaita jina mpaka mwisho wake, ndege wakanyanyuka, na Theodosia hakugeuza shingo.

Fridolin alitembea hatua ishirini hivi, akasimama, akageuka. Alijaza kifua pumzi. Kinywa kikafunguka, ulimi ukagusa meno, midomo ikaviringika na kutanuka, polepole, silabi kwa silabi, na hakukusikika chochote isipokuwa maji mtaroni.

"Abee," aliitika Theodosia.