Kidole cha Mwisho

Karibu vibao vyote vya saluni hapa Wete vimechorwa na mume wangu, Jecha. Nyuso za wanawake hachori. Wateja hawazitaki, na zile alizochora fundi mwingine zilikwanguliwa macho. Yeye huchora mkono tu, umesimama wima, umejaa maua meusi ya piko mpaka kwenye kifundo. Miaka mitatu ya ndoa nimepita chini ya mikono hiyo bila kuijali, mpaka Jumatatu iliyopita nilipojikinga mvua chini ya kibao cha saluni ya Nahla, kule Jadida. Nikainua macho. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Mvua haijaanuka nikaondoka. Duka la mitandio karibu na soko, kimepinda. Ukuta wa kliniki, mama amechorwa kwa nyuma, mkono mgongoni kwa mtoto, kimepinda vilevile. Fundi harudii kosa moja kila kibao. Basi yupo mwanamke anayekaa mbele ya mume wangu akanyoosha mkono, naye akamtazama mpaka kidole chake amekihifadhi. Mimi hata nikibadilisha mtandio haoni. Wivu ulinishika, sifichi.

Siku tatu sikutulia. Chungu kiko jikoni, mimi niko njiani. Kila mwanamke niliyekutana naye nilimpa mkono nisimwachie upesi. Jirani yetu Bi Mwanakhamis nilimbusu mkono huku namkagua vidole, akanambia siku hizi nimezidi adabu. Nilikwenda hata kwenye harusi ambayo sikualikwa. Mikono yote imenyooka.

Alhamisi nikaingia saluni kwa Nahla.

"Nyoosha mikono," nikamwambia.

Akanyoosha yote miwili, mbele ya wateja wake. Vidole kumi, vyote sawa.

"Wamtafuta nani, Mwatum?"

"Mwenye mkono ule wa kibaoni."

Wateja wakatazamana. Nahla akashusha mikono yake polepole. "Mie kibao nililetewa keshakichora. Kamuulize mumeo."

Sikutaka kuuliza. Nilirudi nyumbani nikatia nguo zangu kwenye mfuko, niende kwetu Tumbe, na talaka yangu niidai nikiwa huko. Nikatoka uani kumwambia. Jecha alikuwa amenipa mgongo, kibao kipya kimeegemea ukuta. Brashi iko mkono wa kulia. Wa kushoto ameuinua mbele ya uso wake, anautazama, anachora, anautazama tena. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Nikasimama na mfuko wangu. Kila siku namnawisha mkono wa kulia ale. Ule wa kushoto huwa umelala pajani, na akiwa kazini umeshika kopo la rangi. Nimekagua vidole vya mji mzima, vya mume wangu sikuwahi kuvitazama. Niliona haya mpaka masikio yakanichoma.

"Chanda hicho kilifanyaje?" nikauliza.

Akageuka. "Nilianguka mkarafuuni, utotoni. Sikupata kukwambia?"

"Hukupata."

Akauona mfuko. "Wenda wapi?"

"Nalikuwa nenda Tumbe."

"Kuna nini Tumbe?"

Nikamuuliza mbona hachori mkono wangu, akautumia wake, mkono wa mwanamume, kwenye vibao vya wanawake.

"Nilijaribu," akasema. "Mwaka ule wa mwanzo nilikukalisha pale, kwenye mbuzi ya nazi. Hata rangi sijaikoroga, ukainuka kwenda kutazama nani anapita njiani. Mie ningekuchora wewe kila siku, Mwatum. Hutulii."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikauweka mfuko chini, nikaikalia ile mbuzi, nikanyoosha mkono.

"Chora," nikamwambia.

Akachovya brashi. Alikuwa hajamaliza hata kidole gumba niliposikia hodi mlangoni, sauti ya Nahla, na nyuma yake wanawake wengine wanazungumza kwa kunong'ona. Goti likaanza kunicheza. Wakabisha mara ya pili, wakabisha mara ya tatu.

Sikuinuka.